Mama Vifungo na Ukingo wa Kijani

Fundi wa rangi wa manispaa alikuwa amezeeka kando ya bahari bila kuiona. Msidhani alikuwa kipofu. Bahari ilikuwa pale pale, upande wa pili wa vyuma, ila macho yake yalikuwa yakiishia kwenye vyuma vyenyewe. Kazi yake ilikuwa ukingo ule mrefu uliotambaa kutoka soko la samaki hadi kituo cha kivuko, uliowekwa ili watu wasitumbukie majini. Alikuwa akikwangua kutu, akipiga msasa, akipaka rangi ya chini, kisha kijani. Alipofika kivukoni, kule sokoni alikoanzia chumvi ilikuwa imeshakula rangi na kutu imeota upya, naye alibeba makopo yake akaenda kuanza tena. Mwingine angeiita kazi hiyo adhabu. Yeye aliiita ajira isiyokwisha, akamshukuru Mungu kwa ajili ya chumvi.

Alikuwa na masharti mawili tu kazini. La kwanza, harudi nyuma: kipande kilichopitwa kitasubiri zamu yake, hata kikilia. La pili, mtu asiguse. Kutwa nzima alikuwa akipiga kelele, "Mbichi! Rangi mbichi hiyo!" Watu waliomjua walikuwa wakimwitikia "Mbichi!" badala ya salamu. Zaidi ya hapo hakuwa msemaji. Ukimuuliza habari za mji, atakwambia kuna kutu.

Manispaa ilikuwa ikinunua rangi moja tu, na mabaki yaliyoganda chini ya makopo aliruhusiwa kuondoka nayo. Kwa hiyo nyumbani kwake mlango ulikuwa wa kijani, meza ya kijani, kitanda cha kijani, ndoo za kijani. Binti yao alipozaliwa, mtu wa kwanza kumpa zawadi alikuwa baba yake: kitanda kidogo kilichopakwa kijani mara tatu. Alipoolewa, kreti za soda zilipakwa kijani. Ndivyo alivyojua kufurahi. Wengine hupika, wengine huimba, yeye alipaka. Mkewe alikuwa akiwaambia majirani, "Mimi usiku nageuka geuka makusudi. Nikitulia sana, huyu bwana atanipaka."

Sasa huyo mke ndiye hasa ninayetaka mumjue.

Alikuwa akiitwa Mama Vifungo. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo moja la ofisi, mahali ambapo mtu mrefu huingia kwa kuinama na mnene huingia kwa kubahatisha. Ndani kulikuwa na chupa za vifungo ukuta mzima, vya mfupa, vya shaba, vya nazi, vya koti la askari, na karani yeyote aliyekatikiwa na kifungo au kuharibikiwa na zipu alishushwa ngazi akashonewa papo hapo, suruali ikiwa mwilini, huku akipewa ushauri ambao hakuuomba. Mdomo wa mama yule haukuwahi kwenda likizo. Lakini hakuwa msengenyaji, hilo mniamini. Alikuwa mtu wa kuona, na alichokiona lazima mwingine akione.

Walivyokutana na fundi ni hivi. Alikuwa msichana, amevaa gauni jeupe jipya alilolishona mwenyewe, akaenda kuegemea ukingo aangalie meli. Fundi akapiga kelele, "Mbichi!" Akachelewa. Msichana akageuka, mbele kote ana mistari ya kijani kama daftari.

"Ungeniambia nikiwa nyumbani," akasema.

Fundi alikosa pa kuuweka uso wake. Kijana mwingine angeomba radhi vizuri, huyu alisimama na brashi mkononi mpaka rangi ikamdondokea kiatuni. Wiki iliyofuata msichana alirudi na gauni lile lile. Kila mstari alikuwa ameupangia vifungo vya kijani kuanzia juu hadi chini, mtu angedhani ni mtindo kutoka ng'ambo. "Nimekuja kukushukuru," akasema, "watatu wameshaniuliza fundi wangu ni nani." Basi, ndoa nyingi zimejengwa juu ya msingi mbovu kuliko huo.

Mama Vifungo alikuwa akifunga kibanda kila Jumanne. Jumapili, alikuwa akisema, mji unajaa watu mpaka hauonekani. Jumanne ndiyo ilikuwa siku yake ya kuufaidi mji wake, na aliufaidi vilivyo, bila kununua kitu.

Asubuhi alikwenda mnada wa samaki. Hakuwa akinunua. Alikwenda kumsikiliza dalali, mzee mwembamba mwenye sauti ya watu wawili, ambaye akinadi dagaa utadhani anauza nyangumi. "Huyu katoka majini sasa hivi! Bado ana usingizi!" dalali alikuwa akipaza sauti, na Mama Vifungo nyuma ya umati alijibu, "Usingizi wa milele huo!" Watu walivunjika mbavu. Dalali hakuwahi kukasirika hata siku moja, maana watu wakicheka mikono huingia mifukoni kwa urahisi. Walikuwa wakitegemeana, yule akitia chumvi na huyu akiipunguza.

Kutoka hapo alipanda kivuko, akasimama juu mbele kabisa, akavuka mlango wa bahari, na kule ng'ambo hakushuka. Akarudi nacho. "Ukishuka umefika," alikuwa akieleza, "na ukifika, starehe imekwisha."

Lakini kilichokuwa kipenzi chake kuliko vyote ni ngazi za mawe katikati ya ukingo, zinazoteremka hadi kwenye maji. Hapo ndipo wageni wa bara walipokuwa wakiletwa na ndugu zao kuona bahari kwa mara ya kwanza. Mama Vifungo alikuwa akikaa ngazi ya juu, amevua viatu, akisubiri. Mgeni huteremka taratibu, amekunja suruali. Hutazama mbali. Kisha hutazama kulia na kushoto kama mwizi wa kuku, akachovya kidole, akalamba. Halafu ule uso! "Kila mtu ameambiwa tangu shule kwamba ina chumvi," Mama Vifungo alikuwa akisema, "na hakuna anayeamini mpaka alambe. Hata mawaziri." Hakuwa akiwacheka. Aliwapenda. Jioni alimweleza mumewe nyuso zote za siku ile, moja moja, akiziiga, na fundi alikula chakula chake akiitikia "Ehe," na kwa namna hiyo akaamini kwamba mji anaujua.

Kiharusi kilimkuta kibandani, uzi uko mdomoni anautafutia tundu la sindano. Upande wa kulia ulilala wote. Mdomo ulipinda. Na maneno, mali yake yote aliyokuwa nayo duniani, yalimtoroka, likabaki moja: basi. Akitaka chai, basi. Akitaka kufungiwa dirisha, basi. Akikasirika, basi, basi, basi. Fundi alijifunza kulisikiliza neno lile moja kama watu wanavyosikiliza injini, akajua la njaa, la usingizi, na lile la chini chini ambalo halikuwa na dawa.

Hospitalini palikuwa na muuguzi wa mazoezi, dada mmoja mkali mwenye mikono mipole. Alikuja nyumbani, akaupindapinda mguu, akasema wazi mbele yao wote.

"Mama, huu mguu haujafa. Umelala. Lakini ukiuzoesha kulala, hautaamka. Nataka utembee nje, sehemu tambarare, kila siku. Mvua zikianza kabla hujatoka humu ndani, basi tena, utabaki wa kitandani. Sikutishi, nakwambia kweli."

Mama Vifungo akauvuta mtandio, akafunika mdomo wake, akageukia ukutani.

Hakutaka kutoka. Mtu aliyekuwa akiutazama mji hakutaka mji umtazame hivyo. Binti alileta kiti cha magurudumu, cha kuazima, na mama yake alikikazia macho mpaka binti mwenyewe akakitoa nje. Chumbani alikuwa akijitahidi, hilo halina ubishi: akishika kitanda, kisha meza, kisha mlango. Vitu vya kushika vikiisha, na safari imekwisha. Mlango ule wa kijani hakuuvuka.

"Baba, mbembeleze wewe," binti alisema jikoni. "Wewe ndiye anayekusikiliza."

"Lini alinisikiliza?" fundi akauliza.

Lakini alipiga moyo konde. Akaomba ruhusa ya Jumanne, akaamua kwamba kama mkewe haendi mjini, yeye atamletea mji. Jumanne ya kwanza alikwenda mnadani. Alirudi, akaketi kando ya kitanda, akajikohoza.

"Walinadi samaki," akasema.

Mkewe akamtazama. Akasubiri.

"Wakauza."

"Basi?" akauliza Mama Vifungo.

"Basi."

Jumanne ya pili alikwenda kwenye ngazi za mawe. Alisema alimwona mtu akilamba maji. Macho ya mkewe yakauliza: uso wake ulikuwaje? Fundi alifikiri sana. "Alikuwa na ndevu," akasema. Mama Vifungo akafumba macho. Nimewahi kuona watu wakivumilia maumivu ya jino kwa uso ule.

Ila fundi naye alikuwa ameanza kuguswa na kitu asichokuwa na jina lake. Pale kwenye ngazi ilibidi akae, na kwa kukaa akajikuta anatazama juu ya vyuma badala ya vyuma. Maji yalikuwa na rangi nyingi. Alijaribu kuzihesabu kama fundi, akashindwa. Akawaza: mwanamke huyu alikuwa akiniletea haya yote mezani, na mimi nikasema "Ehe." Ilimuuma. Akatamani amwambie, na ulimi wake, ulimi wa mtu wa kutu, haukujua pa kuanzia.

Jumanne ya tatu alipanda kivuko. Alirudi amechangamka, maana safari hii alikuwa na habari.

"Nimevuka," akasema. "Nikasimama juu, mbele, kama wewe. Upepo mzuri. Tukafika ng'ambo, nikashuka, nikanywa chai..."

"Basi!"

Meza ilipigwa kwa mkono wa kushoto hadi kikombe kikaruka. Binti akakimbia kutoka jikoni. Mama Vifungo alikuwa amesimama, macho yanawaka, anamwonyesha mumewe kidole. Alishuka! Miaka yote hii amefundishwa, na ameshuka! "Basi! Basi, basi!" Kidole kikatoka kwa mumewe, kikaenda mlangoni, kikarudi kifuani kwake mwenyewe.

"Mama anasemaje?" binti akauliza.

Fundi akafasiri. "Anasema kazi hii siiwezi. Atakwenda mwenyewe."

Ikapangwa Jumanne inayofuata, asubuhi. Mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kujikusanya baharini. Wangeshuka teksi karibu na soko, na kutoka hapo fundi na binti wangemshika huku na huku mpaka kwenye ngazi za mawe. Fundi hakupata usingizi kwa furaha. Na furaha yake mnaijua. Jumatatu, badala ya kuendelea alipofikia, kule karibu na kivuko, alibeba makopo yake akarudi nyuma, yeye ambaye hakuwahi kurudi nyuma, akakipaka upya kipande chote kuanzia sokoni hadi kwenye ngazi. Alikipiga msasa kama anayemwogesha bwana harusi. Akapaka kijani cha kwanza, akaongeza cha pili, kizito, kinachong'aa, ili mkewe akifika aone ukingo umemvalia nguo mpya.

Haya, nambieni. Fundi mzima, aliyeijua rangi ya mafuta kuliko alivyojua majina ya majirani zake, akasahau kwamba mawingu yakishuka na hewa ikijaa unyevu, rangi nzito haikauki kwa usiku mmoja. Wala hakuwaza kwamba katika ukingo ule, miaka yote ile, kuna siku mtu angehitaji kushika.

Teksi iliwashusha. Mama Vifungo alikuwa amevaa vizuri, mtandio umefika puani. Fundi akamtolea mkono, binti akaja upande wa pili. Wakapiga hatua. Mama akasimama. Akamsukuma binti, akamsukuma mumewe: hakutaka kuburutwa katikati ya watu wawili kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Akageuza macho, akaona ukingo, umenyooka, uko usawa wa kiuno chake, unakwenda hadi anakotaka kwenda. Akaunyoshea mkono wa kushoto.

"Mbichi!" fundi akapiga kelele.

Mkono ukasimama hewani. Fundi akaenda kugusa mwenyewe, akiomba Mungu amuumbue kuwa mwongo. Vidole vikarudi vya kijani. Pale sokoni watu walishaanza kugeuka. Dalali aliacha kunadi katikati ya neno, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Fundi alijua vizuri kilichokuwa mbele yake: wakirudi nyumbani sasa, mlango ule wa kijani hautavukwa tena. Mvua zitaanza. Mguu utalala. Na aliyemfungia mlango ni yeye, kwa brashi yake.

"Nisamehe, mke wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka ukute pazuri."

Mama Vifungo aliangalia vidole vya mumewe. Akaangalia ukingo unaong'aa, pande zote mbili, mpaka ulikoishia. Mabega yake yakaanza kutikisika, na fundi akadhani analia, akataka ardhi ipasuke. Mtandio ukateleza. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, na nusu ile ilitosha.

"M...," akasema. "Mmm... Mbichi."

Binti akajishika kichwa kwa mikono miwili. Lilikuwa neno la pili tangu augue.

Kisha Mama Vifungo akauweka mkono wake wa kushoto juu ya ukingo, kiganja kizima, pwaa, akavuta mguu wa kulia, akahama. Akauinua mkono, akauweka mbele. Nyuma yake ikabaki alama, vidole vitano wazi. Akaweka nyingine. Fundi alitembea kando yake bila kumgusa, jasho linamtiririka. Halafu dalali, Mungu amweke, akapata sauti yake.

"Mama Vifungo huyo! Katoka majini sasa hivi!"

Watu wakacheka, naye akapunga mkono wa kijani bila kugeuka, karibu aanguke.

Walikaa kwenye ngazi za mawe. Haukupita muda, akaja mzee mmoja na kofia yake, mgeni, anaongozwa na mjukuu. Alikunja suruali. Akatazama mbali. Akatazama kulia, na kushoto. Fundi alihisi kiwiko cha mkewe kinamchoma mbavuni, barabara kwa wakati wake, na akauona uso ule, akauona kweli kweli, akacheka mpaka machozi.

Kurudi kulikuwa na neno. Kwenda, ukingo ulikuwa upande wa mkono mzima. Kurudi ulikuwa upande wa mkono uliolala. Fundi aliuchukua mkono ule wa kulia, mzito, akaulaza juu ya rangi. Haukushika. Ukaburutika tu, ukaacha michirizi, naye akamshikilia kiuno. Wakaenda hivyo, pole pole, michirizi baada ya michirizi. Karibu na soko alikwama. Alisimama, akakunja uso wake wote. Walipoondoka pale, kwenye chuma ilibaki alama si nzuri, imevimba kama ya mtoto, lakini ina vidole. Fundi aliitazama sana alama ile. Rangi imemlisha miaka mingi, na hakuwahi kuona kazi yake ikiwa nzuri kiasi hicho.

Mvua zilipokuja zilimkuta Mama Vifungo anatembea chini ya mwavuli, akishika vyuma.

Msimamizi wa manispaa, kijana nadhifu, aliona alama zile akaja juu.

"Fundi, nini hiki? Kuna mtu kashika mwanzo mpaka mwisho. Rudia hapa leo leo."

"Sirudi nyuma, bosi. Zamu yake ikifika nitapaka."

"Si ulirudi nyuma juzi?"

"Ndiyo nikakoma," fundi akasema, akabeba makopo yake akaelekea kivukoni.

Zamu ikafika, kama zamu zote zifikavyo. Kutu ilikuwa imeshaanza kuzila zile alama za mkono wa kushoto, akazikwangua moja moja. Mkewe alikuwa amekaa karibu kwenye kigoda cha kijani, akingoja mnada uanze. Maneno yalikuwa yakimrudia moja moja, kama wadeni wenye haya. Fundi alifika kwenye ile alama ya mkono wa kulia, ile iliyovimba, akaweka brashi chini. Akapiga msasa huku, akapiga kule. Akafunua kopo, akalifunika. Akaanza kupaka kuizunguka.

"Bwana Kijani," Mama Vifungo akamwita.

Akageuka. Mkewe alikuwa ameunyanyua mkono wa kulia juu, hewani, unatetemeka, akaukunja, akaukunjua.

"Paka," akasema. "Mkono si... ninao hapa?"

Fundi akachovya brashi, akapaka.